Dondoo muhimu: Maneno ya kupiga marufuku kwenye nywila

Nywila inayokisiwa kwa urahisi huzuiwa siku ile ile inapoundwa. Kompyuta hupewa orodha ya maneno yasiyokubalika, na kila nywila mpya hulinganishwa nayo. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliweka utaratibu huo kwenye mwongozo wake wa mwaka 2017.

Orodha za kimataifa huanza na "123456", lakini hazijui Kiswahili wala mitaa. Duka la Mtaa wa Congo au Aggrey, Kariakoo, Dar es Salaam, huhitaji nyongeza yake: karibu, biashara, mzigo, jina la duka lenyewe, na namba ya simu iliyochapwa kwenye kila risiti. Soka lina hatari yake ya pekee. Klabu ya Yanga ilianzishwa 1935 na ya Simba 1936, kwa hiyo "yanga1935" hukisiwa hata na mteja aliyeona skafu ukutani. "Jangwani" na "msimbazi", yaliko makao ya klabu hizo, nayo yaingizwe kwenye orodha.

Programu nzuri hugeuza kwanza @ kuwa a na 0 kuwa o, hivyo "k@riak00" hukataliwa sawasawa na "kariakoo". Mtumiaji aelezwe sababu ya kukataliwa, la sivyo ataongeza alama ya mshangao mwishoni na kuendelea na kazi.

Kinachofaa ni urefu: maneno manne yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, hukumbukika na ni magumu kukisia. Namba ya siri ya pesa za simu haina nafasi hiyo. Tarakimu 4 hutoa michanganyiko 10,000 tu, na mwaka wa kuzaliwa hujaribiwa mapema.