Kujua na Kusadiki

Mtoto aweza kujua katekisimu yote kwa kichwa, asikose hata neno moja. Je, hiyo ndiyo imani? Bado. Kule jangwani Shetani alimjaribu Yezu kwa maneno ya Zaburi. Aliyajua vizuri, lakini hakumpenda Mungu.

Sasa tumtazame mtu wa Bukavu. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926. Alikuwa padri Mjezuiti, mwenye elimu nyingi. Mwaka 1994 wakimbizi wengi sana kutoka Rwanda waliingia Kivu. Yeye aliwatetea, akaandika barua nyingi za kuomba msaada na amani. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilifika Bukavu. Wengi walikimbia, yeye alibaki na watu wake. Tarehe 29 Oktoba askari walimwua pale Nyawera, katika Ibanda.

Kila msomaji wa Injili ajua habari za mchungaji mwema asiyewaacha kondoo wake mbwa-mwitu ajapo. Munzihirwa hakuijua tu habari hiyo, aliitenda.

Nawe, ukitoka darasani ukamkuta mwenzako ana njaa, hapo ndipo itajulikana kama somo limeingia moyoni, au limebaki kinywani.

Maswali
1. Shetani alijua nini? Alikosa nini?
2. Askofu Mkuu alifanya nini vita vilipofika?
3. Taja tendo moja la imani unaloweza kulifanya leo nyumbani kwenu.