Kamari, Kanuni za Dola na Mali za Watu



Tumeulizwa na ndugu zetu wa Kibera na Kawangware, wengi wao vijana wanaohudhuria darsa baada ya Magharibi, masuala juu ya kamari. Wasema: Uharamu wake tunaujua, lakini kanuni za Kenya zimeiruhusu, na serikali yatoza kodi katika mchezo huo, je, kodi hiyo haiwafai watu wote, na sisi tumo? Na katika nchi ambazo watawala wake ni Waislamu, kanuni zasemaje? Na mtu aliyekwisha kushinda, ile pesa iliyomo katika simu yake ni mali ya nani? Masuala haya yashikana, na hilo la mwisho ndilo linaloyafungua yote.

Yafaa kwanza tujue kamari iliyokatazwa ilikuwa nini. Waarabu wa zama za ujahilia walikuwa wakinunua ngamia, wakamchinja na kumgawa mafungu, kisha wakatikisa mishale 10 ndani ya mfuko. Mishale 7 ilikuwa na mafungu, wa kwanza fungu moja, wa pili mawili, hata kufika saba. Na mishale 3 haikuwa na kitu, na waliotokewa na hiyo ndio waliolipa bei ya ngamia. Wafasiri wametaja hapa jambo ambalo wengi wetu hatulisikii likisomeshwa: washindi hawakuila ile nyama. Waliwapa mafakiri, wakajifakhiri kwa hilo, na asiyeingia katika mchezo walimtukana kwa ubakhili. Basi ile ilikuwa kamari ya kulisha wenye njaa. Hata hivyo ikashuka aya ya 219 ya Suratul Baqara, ikakiri wazi kuwa katika ulevi na kamari mna manufaa kwa watu, na kwamba madhambi yake ni makubwa kuliko manufaa yake. Kisha aya ya 90 na ya 91 za Suratul Maida zikakata shauri: kamari ikahesabiwa kuwa uchafu katika kazi za Shetani, na zikatajwa sababu zake, nazo ni uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiliwa na dhikri na Sala.

Hoja ya kodi, basi, si hoja mpya. Ni hoja ya wale Makureshi wenye ngamia, imevishwa suti. Qur-ani haikukanusha kuwa nyama ile ilifika kwa mafakiri; ilichotazama ni nyama hiyo ilipatikanaje. Na sisi hapa Kenya tumekwisha kuona manufaa ya namna hii yalivyo na kamba shingoni. Mwaka 2018 kodi ya kamari ilipopandishwa ikawa asilimia 35, kampuni ya SportPesa iliondoa ufadhili wake katika michezo ya nyumbani, na vilabu vya Gor Mahia na AFC Leopards vikabaki vikilia. Na mwaka huo huo kodi ikateremshwa hata asilimia 15. Mwenye kutoa manufaa ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuyavuta. Wala fedha yenyewe haikutoka mfukoni mwake, bali ilikuwa ni zile shilingi 50 na shilingi 100 za watu wa mjengo na wauza mboga wa Toi na wa Kawangware, waliopewa baadhi ya chao na wakaambiwa washukuru.

Ama nchi za Waislamu, hazikushika njia moja. Ziko zilizofunga mlango wote. Pakistani mwaka 1977 iliweka kanuni yake ya kuzuia kamari. Sudani, ambako ndiko walikotoka wazee wa Kinubi walioijenga Kibera, kanuni ya jinai ya mwaka 1991 iliitia kamari katika makosa. Katika jimbo la Aceh, nchini Indonesia, wacheza kamari walipigwa bakora hadharani mwezi wa Juni 2005, mbele ya msikiti wa Bireuen. Malaysia imegawa watu: Waislamu wahukumiwa na mahakama za Sharia wakicheza, na wasiokuwa Waislamu waruhusiwa kuingia katika nyumba ya kamari iliyo juu ya mlima wa Genting. Na Imarati, ambako ndugu zetu wengi wamekwenda kutafuta kazi, kanuni ya jinai yaikataza kamari, lakini mwaka 2023 iliundwa mamlaka ya kutoa leseni za michezo hiyo, na mwaka 2024 ikaanzishwa bahati nasibu ya nchi. Kwa hiyo kijana akisema, "Hata Dubai yafanyika," amesema kweli, wala hakutoa dalili. Vitendo vya dola si katika dalili za Sharia, awe mtawala wake ni Mwarabu au Mzungu.

Nasi twaona kuwa katika kuzitazama kanuni hizo watu huangalia fimbo na kufungwa, wakaliacha lililo kubwa. Kamari haina hadi iliyowekwa na Sharia kama ilivyowekewa zina au wizi. Adhabu yake ni taazir, ameachiwa kadhi apime. Lililowekwa na Sharia lenyewe, lisilobadilika kwa kadhi wala kwa sultani, ni hukumu ya mali: mapatano ya kamari ni batili, na mshindi hamiliki alichoshinda. Jambo hili laonekana vizuri katika kanuni ya madai ya Misri ya mwaka 1948, aliyoitunga Dakta Abdul Razzaq al-Sanhuri. Kifungu cha 739 chasema mapatano ya kamari ni batili, na aliyeshindwa ana haki ya kudai alichotoa kwa muda wa miaka 3, hata kama walipatana asidai. Kifungu kinachofuata kimetoa ruhusa kwa bahati nasibu yenye idhini ya serikali, na hapo hatukubaliani nacho. Lakini kile cha kwanza kina harufu ya fiqhi. Bakora ya Aceh humwumiza mchezaji mdogo, kisha jioni mtoto wake alala na njaa vile vile. Kumrudishia mtu shilingi yake kwamfaa mtoto.

Kenya si dola ya Kiislamu, wala hatudai kuwa ni hivyo. Kanuni ya mwaka 1966 iliweka Bodi ya kutoa leseni, na kanuni mpya iliyotiwa saini Agosti 2025 imeweka mamlaka nyingine mahali pake. Zote mbili zauliza: Nani ana leseni? Mchezaji ametimiza miaka 18? Hazikuuliza mali ni ya nani. Mwezi wa Aprili 2025 Bodi ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, nasi tulifurahi. Lakini tangazo likinyamaza na mchezo ukaendelea, kilichopungua ni kelele. Na Mahakama zetu za Kadhi, kwa Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, hazina mamlaka ila katika hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Kadhi hawezi kumfungia mtu mashine yake. Lakini mwanamke ambaye mumewe humaliza mshahara katika simu ana haki ya kwenda kwa Kadhi kudai nafaka yake na ya watoto wake, wala hilo si kumwaibisha mume. Nafaka ya mke ni deni juu ya mume katika madhehebu yetu ya Shafi, siku kwa siku, hata akisema pesa zimekwisha "mkekani". (Twasikitika kuwa vijana wametwaa neno mkeka, tunaloswalia juu yake, wakaliita kamari.)

Sasa twende kwa mwenye duka. Katika vichochoro vya Kibera na Kawangware zimewekwa mashine zinazomeza sarafu za shilingi 20, na baadhi ya maduka hayo ni ya Waislamu. Mwenye duka husema: "Mashine si yangu, mimi nimekodisha ukuta na umeme, na fungu langu napewa." Twamjibu kuwa kodi hiyo ni haramu, kwa sababu kukodisha kitu kwa kazi ya maasia ni ijara batili, na Suratul Maida, aya ya 2, imekataza kusaidiana katika dhambi. Na liko zito kuliko hilo. Mtoto aliyetumwa maziwa, akatia sarafu katika mashine, hana mamlaka ya kuuza wala ya kununua katika Sharia, sembuse kucheza kamari. Ile sarafu ni ya mama yake. Aliyeipokea ana dhamana nayo, na mama akija kuidai hana haja ya kuthibitisha kuwa mtoto alilazimishwa. Mwenye duka anayemjua mtoto, akamjua na mama, akanyamaza, asidhani kuwa mwenye mashine peke yake ndiye mwenye deni. Ama wakala wa M-Pesa anayempokelea mtu pesa bila ya kujua ataipeleka wapi, hapana lawama juu yake. Lakini anayekopa kwa Fuliza ili acheze, huyo amekusanya ziada juu ya deni pamoja na kamari katika dakika moja.

Na aliyeshinda? Akiwa alimshinda mtu anayemjua, kama wale wanaocheza karata kwa fedha nyuma ya kituo cha matatu, amrudishie mwenyewe, au warithi wake akiwa amekufa. Akiwa ameshinda kwa kampuni, walioshindwa ni maelfu na hawajulikani. Imamu Nawawi amenakili katika Majmuu maneno ya Ghazali kuwa mali ya haramu ambayo mwenyewe hajulikani hutolewa katika maslaha ya Waislamu au wakapewa mafakiri. Na kwamba aliye nayo akiwa mwenyewe ni fakiri, yafaa ajipe yeye na watu wake kwa kadiri ya haja. Twalitaja hili kwa sababu wengi wanaotuuliza ni mafakiri kweli, wala hatupendi kuwafungia mlango ambao maulamaa wameufungua. Lakini sharti lake ni toba na kuacha, si kucheza Ijumaa na kutoa Jumamosi. Wala asinuie kuwa ni sadaka ya kupata thawabu. Ni kuitoa shingoni.

Katika maslaha hayo Ghazali ametaja misikiti pia. Sisi hata hivyo twazishauri kamati za misikiti yetu zisikubali fedha hizo zikitolewa kwa mikrofoni na jina la mtoaji. Makureshi kabla ya Utume walipoijenga upya Al-Kaaba walipatana wasitie ndani yake ila pato safi, na fedha ikawapungukia, wakaiacha sehemu ya Hijri nje ya jengo. Na leo iko nje. Hao walikuwa bado waabudu masanamu.

Limebaki suala la mpira. Vijana husema kubashiri mpira ni ujuzi, na kwamba Abu Bakar, Radhi za Mungu ziwe juu yake, aliwekeana dau na Makureshi juu ya ushindi wa Warumi. Khabari hiyo imo katika Tirmidhi, nayo imeeleza kuwa ilikuwa kabla ya kuharamishwa. Wala uharamu haukusimama juu ya bahati tu: kila anayeweka mali yake apate ya mwenziwe au apoteze yake, hiyo ni kamari, awe mjuzi au mjinga. Kwa hiyo na ligi zetu za mtaani zitazamwe. Timu 8 zikitoa kila moja shilingi 2,000, na fungu lote likachukuliwa na mshindi, hiyo ni kamari ingawa wachezaji wametoa jasho. Zawadi itoke kwa mtu wa nje asiyecheza, au kwa msikiti, au kwa mfanyabiashara asiye wa kamari. Na zile fedha za refa na mipira zikusanywe mbali, zihesabiwe mbali, wala zinazobaki zisiende kwa mshindi.