Dondoo muhimu: Karela kwenye uwa wa Bugarama

Bonde la Bugarama, wilayani Rusizi, ndilo eneo la chini kabisa Rwanda, na karela, tunda chungu liliwalo kama mboga, hupenda joto la huko. Ndugu yake wa porini ni umwishywa, mmea aliovishwa kichwani bibi harusi wa Kinyarwanda.

Loweka mbegu usiku kucha, uzipande kina cha sentimita 2 mvua za Septemba zikishika, nusu mita kati ya mche na mche. Usiuache mmea utambae chini, matunda yataoza. Simika miti ya mita 2, ufunge kamba katikati. Maua dume hutangulia, basi usikate tamaa yakipukutika. Ua jike utalijua kwa kijitunda chenye vinundu nyuma yake. Adui mkubwa ni nzi wa matunda: kifunike kijitunda hicho kwa mfuko wa karatasi kingali kidogo kama kidole.

Chuma karela likiwa bichi na gumu. Likigeuka rangi ya chungwa limeshapita wakati wake. Hupasuka na kuonyesha mbegu zilizofunikwa na nyama nyekundu, ambazo watoto wasizile.

Likate vipande, utie chumvi, uache nusu saa, ukamue, kisha ukaange na vitunguu na nyanya. Kwa wali wa Bugarama, uchungu wake ni mtamu hasa.

Karela linaweza kushusha sukari mwilini. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari amwambie daktari kabla ya kunywa juisi yake, wala asiache dawa: sukari ikishuka mno, mtu huzimia. Mjamzito asilitumie kama dawa.