SOMO LA AFYA: TUTEMBEE KWA KIKUNDI

Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya wanavijiji kwa vikundi. Walisikiliza redio, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Kikundi kina nguvu. Leo tukitumie kutembea.

Mwenye kisukari au presha husema: "Mimi mgonjwa, niacheni nikae." Kumbe mwili ukitembea, misuli hutumia sukari iliyomo katika damu, na moyo hupata nguvu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, yaani dakika 30 kwa siku 5. Ukitembea peke yako utavunjika moyo mapema. Tena ukizidiwa njiani, nani atakushika?

Fanyeni hivi:

1. Kwanza muulizeni mganga wa zahanati. Dawa msiache.

2. Chagueni njia salama. Walio Mikumi waepuke barabara kuu, malori ni mengi. Wasiingie porini, kuna tembo. Walio Kilosa wasiukaribie mto Mkondoa ukifurika.

3. Nendeni mwendo wa kuweza kuongea. Anayeshindwa kuongea apunguze mwendo, na wenzake wamngoje.

4. Mwenye kisukari avae viatu na abebe sukari. Akitetemeka na kutoka jasho la ghafla, ailambe upesi. Akirudi akague nyayo. Kidonda asichokisikia chaweza kumfanya akatwe mguu.

5. Kifua kikiuma, simameni. Mpelekeni mgonjwa hospitali.

Maswali ya kujadiliana:

(a) Nani kijijini kwetu anajifungia ndani kwa ugonjwa?
(b) Nani atakwenda kumwita?