Homoni za Ukomo wa Hedhi na Saratani ya Matiti: Hatari ni Kiasi Gani?

Joto hupanda kifuani, hufika shingoni na usoni, jasho likatiririka hata kama feni inazunguka. Baada ya dakika chache mwili umepoa na kanga imelowa. Wapo wanaopambana na hali hii usiku kucha, kwa miaka. Chanzo chake ni ovari kupunguza kutengeneza estrojeni hedhi inapokaribia kukoma, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55. Kurudisha homoni hiyo kwa vidonge, jeli au vibandiko vya ngozi ndiyo tiba yenye nguvu kuliko zote dhidi ya joto hilo. Mbona basi inaogopwa?

Hofu ilikotoka

Julai 2002, watafiti wa Marekani walisimamisha kabla ya wakati sehemu ya utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative. Wanawake zaidi ya 16,000 walikuwa wamegawanywa kwa kura: kundi moja lilipewa estrojeni pamoja na projestojeni, jingine vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka mitano hivi, saratani ya matiti ilikuwa juu kwa asilimia 26 katika kundi la dawa. Habari zikasambaa, na wanawake wengi wakaacha tiba.

Asilimia peke yake hutisha bure mpaka uulize: asilimia 26 ya ngapi? Katika kila wanawake 10,000, waliougua kwa mwaka walikuwa 30 kwa wasiotumia dawa na 38 kwa waliotumia. Ongezeko lipo, nasi hatulifichi. Ni wanawake wanane katika elfu kumi. Tena wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, ilhali wengi wanaohitaji tiba hii wana hamsini na kitu.

Homoni ipi, kwa muda gani

Estrojeni tupu hunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi na inaweza kuleta saratani humo. Ndiyo maana mwenye kizazi huongezewa projestojeni imlinde. Ulinzi huo una gharama, kwani mchanganyiko huo ndio unaopandisha zaidi hatari ya titi. Aliyetolewa kizazi hupewa estrojeni peke yake.

Uchambuzi uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2019 ulionyesha tofauti hiyo. Chukua wanawake 1,000 wa nchi tajiri, wenye miaka 50. Wasipotumia homoni kabisa, 63 hivi watapata saratani ya matiti kabla ya kufika 70. Wakitumia mchanganyiko kila siku kwa miaka mitano, watakuwa 83. Wakitumia estrojeni tupu, 68. Afrika Mashariki ugonjwa huu hutokea mara chache kuliko huko. Kinachotuponza zaidi ni kuchelewa kufika hospitali.

Ukitumia chini ya mwaka, hatari huongezeka kidogo sana. Ukitumia miaka kumi, nyongeza hukaribia kuwa maradufu ya ile ya miaka mitano, na sehemu yake hubaki muda mrefu baada ya kuacha. Krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni haikuonekana kuongeza hatari hiyo.

Kabla ya kuanza

Mweleze daktari kama mama au dada yako aliugua saratani ya matiti, kama umewahi kuganda damu mguuni au kupata kiharusi, na kama unatokwa damu ukeni bila sababu inayojulikana. Usinunue vidonge vya uzazi wa mpango dukani ukidhani ni kitu kilekile. Homoni zake huwa kali zaidi. Ukianza tiba, rudi angalau kila mwaka muulizane kama bado unaihitaji. Uvimbe titini, chuchu iliyoingia ndani au ngozi iliyobonyea havisubiri miadi hiyo.

Waliowahi kuugua saratani ya matiti

Hawa kwa kawaida hawapewi homoni. Utafiti uliofanyika Sweden ulisitishwa mwaka 2003 baada ya saratani kuwarudia zaidi waliopewa. Zipo dawa nyingine za kupunguza joto, kama gabapentini na venlafaksini. Anayetumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, amtajie daktari mapema, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona zinazotumika kupunguza joto, hasa paroksetini na fluoksetini, huweza kuidhoofisha.