Jiko la Mkaa Lilale Nje: Somo kwa Kijana Anayekwenda Chuoni

Somo letu la safari hii ni kwa vijana wanaojiandaa kwenda chuoni, na kwa wazazi wanaowafungia mizigo. Nanyi mnaosema, "Watoto wetu bado wadogo," msilipite. Watakua.

Hapa Karatu kijana akipata nafasi ya chuo, ukoo mzima hukusanyika kumuaga. Baba atasema lake, mama lake, na shangazi naye hakosi neno. Soma kwa bidii. Jihadhari na makundi mabaya. Usisahau kusali. Kumbuka ulikotoka. Maneno haya ni mazuri, nami nimewaambia wanangu hayo hayo. Lakini mjukuu wangu alipokuja kuniaga, baada ya shikamoo na chai, aliniuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia. "Bibi, nimesikia chumba nilichopanga kina baridi sana. Naomba lile jiko lako dogo la mkaa." Nilikaa kimya kwa muda, hata akadhani ninamnyima.

Mwaka 1981 nilikuwa mwanachuo wa ualimu. Chuo chenyewe sitakitaja. Kilikuwa mahali pa juu, penye baridi kama hii yetu ya Juni na Julai, ukungu unaposhuka kutoka Ngorongoro na mtu haoni hata zizi lake. Siku hizo kila Jumamosi usiku tulinyosha sare zetu kwa pasi za mkaa. Kazi ikiisha, makaa yalikuwa bado mekundu, na kuyamwaga nje tuliona ni hasara.

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai wenzetu watatu wa chumba cha jirani waliyamimina makaa yao katika karai, wakayafunika kwa majivu kidogo, wakaliweka karai katikati ya chumba. Kanuni ya chuo ilisema moto bwenini ni marufuku. Hakuna aliyetueleza sababu. Sisi tulidhani wakubwa wanaogopa magodoro yasiungue. Basi wasichana wale, ambao walikuwa waangalifu kuliko wengi wetu, waliliweka karai mbali na magodoro. Wakafunga dirisha ili upepo usipeperushe cheche. Wakaziba kwa kanga ule uwazi wa chini ya mlango, mwalimu wa zamu asione mwanga. Mmoja wao alikuwa na kikohozi, na wenzake kwa kumhurumia wakampa kitanda kilichokuwa karibu zaidi na joto.

Asubuhi kengele ililia na mlango wao haukufunguliwa. Tulipousukuma tuliwakuta wawili wanatapika, hawawezi kusimama. Wa tatu, yule wa kikohozi, hakuamka tena. Jina lake siliandiki, maana nduguze wangali hai.

Baada ya mazishi tulikusanywa, tangazo likasomwa upya kwa sauti kali zaidi: moto bwenini ni marufuku. Mara hii pia hatukuambiwa sababu. Wako waliosema ni uchawi, wako waliosema ni kile kikohozi. Mimi nilikuja kuielewa miaka kadhaa baadaye, nilipopewa kufundisha sayansi na kulazimika kusoma kabla ya wanafunzi wangu. Nilifunga kitabu nikalia. Kila walichofanya wenzetu ili kujikinga na moto ndicho kilichomuua mwenzao.

Sababu yenyewe ni hii. Kaa likiwaka penye hewa ya kutosha, hutoa hewa chafu iitwayo kaboni dioksaidi. Hewa ya chumbani ikipungua, kaa lile lile huanza kutoa hewa nyingine kwa wingi, iitwayo kaboni monoksaidi. Hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ndani ya damu yetu kuna chembe nyekundu zinazobeba oksijeni kuipeleka mwilini, kama basi linavyobeba abiria. Kaboni monoksaidi hushikamana na chembe hizo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Inapanda basi, inakalia viti, haishuki, na oksijeni inaachwa kituoni. Mtu anaendelea kupumua vizuri tu, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo havipati kitu.

Angalieni basi kosa letu kubwa. Sisi tumezoea kuogopa moshi. Jiko likitoa moshi tunalipeleka nje, na makaa yakishika vizuri na kuwa mekundu tunalirudisha ndani, tukisema sasa limekuwa safi. Yale makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yenye hatari, kwa sababu hakuna kinachokuamsha. Kuyafunika kwa majivu hakusaidii, yanaungua polepole usiku kucha. Nimesikia pia watu wakishauri kuweka sufuria ya maji kando ya jiko ili "yanywe sumu". Maji hayainywi sumu hiyo.

Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona bibi zetu walilala na moto ndani maisha yao yote?" Swali la haki. Nyumba za bibi zetu zilijengwa kwa miti na udongo, zikaezekwa kwa nyasi, na hewa ilipita kila mahali. Moshi uliumiza macho na vifua vyao, hilo ni kweli, lakini nyumba yenyewe ilipumua. Chumba cha kupanga cha siku hizi ni cha tofali na saruji, kina dari, dirisha la kioo na mlango wa chuma. Kijana anaondoka na desturi ya nyumba inayopumua, anaipeleka katika chumba kisichopumua. Hakuna aliyemwambia kwamba chumba kimebadilika.

Dalili zake nazo zinadanganya. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu. Kwetu sisi mtu akisema hivyo tunajibu nini? Malaria! Anameza vidonge, analala tena pale pale. Kwa hiyo jizoezeni kujiuliza: Je, wote waliomo chumbani wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja? Je, mwili hauna homa? Je, mtu akitoka nje anapata nafuu, na akirudi ndani anaumwa tena? Ikiwa ndivyo, litazameni jiko kabla ya kumlaumu mbu.

Ukimkuta mwenzako katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha kwanza, kisha mvute nje haraka, usikae ndani kumpepea, maana sumu ile ile itakuangusha na wewe. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Usimnyweshe maziwa wala kitu chochote, anaweza kupaliwa akafa kwa maziwa. Mpeleke hospitali hata kama ameamka na kusema amepona, kwa kuwa anahitaji kupewa oksijeni. Na mwambie daktari wazi kabisa, "Alilala na jiko la mkaa." Wenzangu wale wawili hawakusema neno hilo mpaka jioni, kwa kuogopa kufukuzwa chuo. Hapa nawasihi walezi wa mabweni: adhabu ingojee. Mtoto anayeogopa adhabu atamficha mgonjwa.

Baridi je? Baridi ipo, siwezi kumwambia mtoto ajifanye haioni. Jiko liwashwe nje, lipikie nje, na likimaliza kazi libaki nje, mbali na ukuta na nguo zilizoanikwa. Chemsha maji, yatie katika kidumu kisicholegezwa na maji ya moto, kaza kifuniko, kizungushie kanga, kiweke miguuni kitandani. Vaa soksi na sweta la sufu. Kunywa uji moto kabla ya kulala. Mama anayefunga mzigo wa mwanawe aongeze blanketi la pili hata ikibidi kupunguza sufuria.

Wanafunzi wengi sasa hutumia mtungi mdogo wa gesi. Nao una tabia yake, tofauti na mkaa. Gesi ya mtungi hutiwa harufu makusudi ili ikivuja ujue, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hujikusanya chini sakafuni. Ukisikia harufu usiwashe kiberiti, usiwashe wala kuzima taa, maana cheche ndogo ya swichi inatosha. Funga mtungi, fungua mlango, toka nje. Zimamoto hupatikana kwa simu namba 114.

Jambo la pili ni barabara, nalo limetuumiza hapa hapa kwetu. Tarehe 6 Mei 1981 nilikuwa bado nasoma kitabuni habari za mwendo na breki. Tarehe kama hiyo mwaka 2017, pale Rhotia, basi la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni. Walikuwa watoto wa darasa la saba wanakuja Karatu kufanya mtihani wa kujipima. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto 3 walinusurika, wakapelekwa Marekani kwa matibabu, wakarejea nchini mwezi wa Agosti mwaka huo. Sizungumzii kosa la mtu. Nazungumza na kijana atakayepita njia hiyo kila likizo, akishuka kuelekea Mto wa Mbu. Gari likizidisha mwendo mara mbili, urefu linaouhitaji ili kusimama kwa breki huwa mara nne, na hiyo ni kwenye lami kavu, tambarare. Kwenye mteremko na mvua huzidi hapo. Ukiijua hesabu hiyo utapata ujasiri wa kusema, "Dereva, punguza mwendo," na abiria wengine watakuunga mkono. Akikataa, shuka. Nauli iliyopotea inapatikana tena. Na kwenye bodaboda vaa kofia ngumu, ifungwe kidevuni. Kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini.

Walio katika mafunzo ya ualimu huenda wakapelekwa kufundisha kwa majaribio katika shule za Ngorongoro, au vijiji vyetu vinavyopakana na msitu. Kijana wa Dar es Salaam au Tanga akifika huko huona watoto wadogo wanatembea kwa miguu kwenda shule, akadhani njia ni salama saa zote. Watoto wale wanajua mambo asiyoyajua yeye. Wanajua tembo huingia mashambani usiku mahindi yakikomaa. Wanajua nyati dume aliyejitenga hulala kichakani asubuhi, wala hakimbii akisikia mtu. Ndiyo maana hungoja jua litoke, na huenda kwa kundi huku wakizungumza. Mwalimu mgeni asione aibu kumuuliza mtoto wa darasa la tatu apite wapi.

Habari ya pesa nitaipitia kwa haraka tu, kwa kuwa vijana wanaijua kuliko mimi. Anayekupigia simu kwamba mama yako amelazwa, tuma pesa sasa hivi, anataka usipate nafasi ya kufikiri. Kata simu, mpigie mama kwa namba unayoijua. Nanyi wazazi mfanye vivyo hivyo mkiambiwa mwanafunzi wenu amekamatwa.

Sasa nirudi kwa mjukuu wangu. Jiko nilimpa. Nilijua nikimnyima atanunua jingine sokoni, na nikimwambia "marufuku" nitakuwa nimerudia tangazo la chuo changu. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi, kisha nikamwambia anieleze yeye kwa maneno yake kwa nini jiko lilale nje. Akasema, "Kwa sababu ya moshi, Bibi." Nikamwambia kaa chini, tuanze upya. Mara ya pili alisahau habari ya dirisha. Mara ya tatu alieleza yote, hata habari ya basi na viti, nikamfungia jiko katika gunia pamoja na blanketi langu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi cha vijana: Katika nyumba yenu, ni chumba kipi ambacho hewa haipiti mlango ukifungwa? Jaribuni kufunga mlango na kupitisha mkono kwenye nyufa zote, mtaona. Je, kuna kanuni mliyopewa nyumbani au shuleni ambayo hamkuelezwa sababu yake? Mwulizeni aliyeitoa, kwa adabu. Na wazazi wajibu swali hili: siku mtoto akifanya kosa la hatari akiwa mbali, je, ataweza kukupigia simu usiku ule ule, au atangoja kupambazuke?