Maswali na Majibu: Kuuza Zana za Kilimo Zilizotumika Mtandaoni

1. Kwa nini anayeuza mtandaoni hubeba wajibu mkubwa wa kueleza hali ya zana? (alama 3)
Jibu: Anayenunua ana kwa ana huwasha injini, hukagua gia na kuchungulia oili. Mkulima wa Tunduru au Njombe anayeitaka pawatila iliyoko Namtumbo ana picha na maneno ya muuzaji tu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura 214) inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo.

2. Andika mfano wa tangazo la haki. (alama 4)
Jibu: “Pawatila ya dizeli, imelima misimu mitano, ipo Namtumbo mjini. Gia ya kurudi nyuma inagoma. Tairi la kushoto ni jipya, la kulia limeisha. Bei 2,800,000/=, maelewano yapo. Usafiri ni juu ya mnunuzi. Karibu na fundi wako.”

3. Video ya injini ipigwe vipi? (alama 3)
Jibu: Injini iwashwe ikiwa baridi, kwa kuwa ya moto huwaka kirahisi na kuficha ugonjwa. Bomba la moshi lionekane: moshi wa bluu ni dalili kwamba injini inaunguza oili. Video isikatwe katikati.

4. Tofautisha kunyamaza na kuficha. (alama 4)
Jibu: Chini ya Sheria ya Mikataba (Sura 345), kunyamaza tu si udanganyifu kila mara. Kuziba ufa wa injini kwa gundi na kupaka rangi juu yake ni kuficha kwa makusudi. Aliyedanganywa anaweza kuukataa mkataba.

5. Kabla ya kutangaza trekta, muuzaji athibitishe nini? (alama 3)
Jibu: Kwamba ni mali yake. Kadi ya usajili iwepo, na umiliki uhamishwe TRA. Baada ya mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, matrekta mengi yaliuzwa kwa mkopo kupitia SUMA JKT. Trekta lenye deni lisiuzwe bila ridhaa ya mkopeshaji.

6. Kweli au si kweli: “Inauzwa kama ilivyo” humwondolea muuzaji lawama zote. (alama 2)
Jibu: Si kweli. Maneno hayo hayamkingi aliyedanganya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 pia inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji.